Bwawa la Masisi si Bwawa la Walikale

Mtu wa Mushaki huko Masisi na mtu wa Mubi huko Walikale, katika Kivu Kaskazini, wakichimba mabwawa mwezi mmoja, kwa ukubwa mmoja, wakatia tilapia wa aina moja, baada ya miezi sita kila mmoja atakuwa na lalamiko lake. Wa Mushaki atasema samaki wamegoma kukua. Wa Mubi atasema bwawa limejaa visamaki vya ukubwa wa kidole, wengi kuliko aliowatia, na hakuna mnunuzi anayewataka. Wote wawili walifuata maelekezo yaleyale: tia vifaranga wawili kwa mita moja ya mraba, lisha kila siku, vua baada ya miezi sita. Maelekezo hayana kosa. Yamesahau tu kuuliza maji yana joto gani.

Tilapia hula vizuri na kunenepa maji yakiwa kati ya digrii 25 na 30. Yakishuka chini ya 20, hamu ya kula inapungua. Yakikaribia 15 anaacha kula kabisa, na kwenye 10 hivi anakufa. Sasa tazama nchi yenyewe. Walikale-centre, kando ya mto Lowa, iko chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Vilima vya Mushaki viko kwenye mita 2,000 hivi. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kama digrii 6. Kwa hiyo kati ya mtu wa bonde na mtu wa kilima kuna tofauti ya digrii saba au nane, na kwa samaki hiyo ni tofauti kati ya kushiba na kukesha na njaa. Ndiyo maana ushauri wa makala haya una sura mbili: mfugaji wa Masisi ya juu anapambana na baridi, mfugaji wa Walikale anapambana na uzazi. Ukichukua dawa ya mwenzako utaharibu bwawa lako.

Tumeshawahi kulipa gharama ya maelekezo ya aina moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilisukuma ufugaji wa tilapia Kongo nzima, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mabwawa ya vijijini yalizidi laki moja. Mengi yaliachwa baada ya uhuru. Watu walikuwa wamechimba kwa amri, samaki wakazaana hadi wakadumaa, na aliyefuata agizo hakuona sababu ya kuendelea agizo lilipokwisha.

Shimo moja, vipimo viwili

Kabla ya kuchimba bwawa, chimba shimo la mita moja kwa mita moja, kina chake mita moja, palepale unapotaka kuweka bwawa. Lijaze maji jioni. Asubuhi utaona yameshuka. Hilo ni la kawaida, udongo mkavu unakunywa. Lijaze tena na usubiri asubuhi ya pili. Yakibaki mengi, udongo unashika. Yakitoweka tena, tafuta mahali pengine. Upande wa Sake na kwenye mawe ya volkano ya Nyamulagira, maji hupenya miamba kama hayakuwahi kuwapo, na hakuna jasho litakaloziba ardhi hiyo. Kipimo kingine: finyanga donge la udongo wenye unyevu, lirushe juu, lidake. Likibaki zima, una udongo wa mfinyanzi wa kujengea tuta.

Shimo hilohilo litakupa joto. Liache limejaa siku tatu, kisha pima kwa juma zima, saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa mchana, ukitumbukiza kipimajoto kina cha sentimita 30. Kipimajoto cha hospitali hakifai kwa sababu huanzia digrii 35. Nunua cha maji. Usipime kwenye chemchemi wala kwenye mfereji unaotiririka. Samaki wako wataishi kwenye maji yaliyotulia.

Asubuhi ikisoma 24 na mchana 28 au zaidi, wewe ni mtu wa Walikale hata kama nyumba yako iko kwenye bonde la chini la Masisi. Asubuhi ikisoma kati ya 18 na 22, uko kwenye nchi ya kati na juu, na tilapia anawezekana kwa subira. Ikiwa asubuhi nyingi ziko chini ya 17 na hata mchana haupiti 21, usifanye tilapia kuwa biashara. Samaki aina ya kapu anavumilia baridi zaidi na hula vizuri kwenye digrii 20 hadi 25, ila usianze naye kama hujui utapata wapi vifaranga wake mwaka ujao, na ujue ana tabia ya kuchimbua kuta za bwawa akitafuta chakula.

Karatasi kabla ya jembe

Neno hili ni la Masisi hasa. Bwawa haling'olewi kama mahindi. Ukilichimba kwenye shamba la kukodi la mwaka mmoja, au kwenye bonde la mtu mwenye konsesioni, siku samaki watakaponona ndipo mwenye ardhi atakapokumbuka kuwa ni lake. Andikianeni makubaliano ya miaka mitatu angalau, mbele ya chifu wa kijiji na majirani wa pande zote, na yataje maji pia: mfereji unapita kwa nani, na wakati wa kiangazi nani anakinga kwanza. Magomvi ya maji huanza kwa jirani wa chini kukuta mfereji wake umekauka.

Bwawa zuri la kuanzia ni ari mbili, yaani mita 10 kwa 20. Lisiwe katikati ya kijito. Kijito kipite kando, nawe uvute maji kwa mfereji mdogo unaoweza kuufunga. Upande wa kuingilia maji uwe na kina cha sentimita 60, upande wa kutolea mita moja hadi mita na robo. Tuta lishindiliwe tabaka kwa tabaka, juu liwe na upana wa mita moja ili mtu apite na ndoo. Weka kichujio kwenye mdomo wa kuingizia, maana samaki wa porini wakiingia watakula chakula cha wako, na njia ya maji ya ziada upande wa pili. Walikale mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Usipoacha njia hiyo pana na safi, mvua ya usiku mmoja itapita juu ya tuta na kulikata.

Fuga ukijani

Viumbe wa kwanza kuwalisha ni wale wasioonekana: mimea midogo ya kijani na wadudu wadogo wanaoelea majini. Tilapia anawachuja na kuwala mchana kutwa bila kukugharimu kitu. Kazi yako ni kuwarutubisha.

Kwenye pembe mbili za bwawa simika vijiti viwe zizi dogo lililo ndani ya maji, yote mawili yasizidi sehemu moja ya kumi ya uso wa bwawa. Jaza humo samadi na majani mabichi tabaka kwa tabaka, na ukoroge kila baada ya siku chache. Masisi mnacho kinyesi cha ng'ombe, nguruwe, mbuzi na sungura. Kiasi cha kuanzia ni kisichozidi kilo moja ya samadi kavu ya ng'ombe kwa siku kwa kila ari. Kinyesi cha kuku kina nguvu zaidi, tia nusu. Walikale ng'ombe ni wachache, hivyo tegemea dende (simbilisi), kuku, bata, na mboji ya majani laini. Kibanda cha dende kikijengwa juu ya ukingo wa maji, kinyesi na mabaki ya majani vinaanguka vyenyewe.

Kupima kama mbolea imetosha huhitaji kifaa. Piga magoti ukingoni, nyoosha mkono, zamisha kiganja taratibu kikiwa wazi kimeelekea juu. Kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kiwiko, uko sawa. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, umezidisha: acha mbolea hata juma zima. Ukikiona bado maji yakiwa yamepita kiwiko, ongeza. Kipimo hiki ni cha maji ya kijani. Maji yakiwa ya kahawia kwa matope, kiganja kitapotea na samaki watakuwa na njaa vilevile.

Maji ya misitu ya Walikale yana kasoro nyingine. Mengi yana rangi ya chai, yana asidi, na madini yake ni haba, hivyo unatia mbolea na hakuna ukijani unaotokea. Hayo yanahitaji chokaa ya shamba: kilo 10 hadi 20 kwa ari, itawanywe chini bwawa likiwa tupu, siku kadhaa kabla ya kujaza. Chokaa ikikosekana, kusanya majivu ya jikoni na uyatie maradufu.

Ukiwakuta samaki alfajiri wamejipanga juu, midomo nje ya maji, hawakusalimu. Oksijeni imeisha. Mimea ya majini huitengeneza mchana kwa mwanga wa jua na kuitumia usiku, kwa hiyo saa mbaya ni ile ya kabla ya mapambazuko. Fungua maji mapya mara moja, simamisha mbolea na chakula siku hiyo, na ondoa majani yanayooza.

Kwa mfugaji wa Masisi: tunza joto

Kosa linalorudiwa vilimani ni kuacha maji yapite bwawani usiku na mchana, kwa imani kwamba maji yanayotembea ndiyo yenye uhai. Maji ya chemchemi ya Masisi ni baridi. Yanapoingia yanafukuza joto ambalo jua limehangaika mchana kulijenga, na yanapotoka yanabeba mbolea yako kwenda kwa jirani. Fungua mfereji kufidia tu kinachopotea kwa kupenya na kukauka, na ufungue mchana, si usiku. Ukiweza, yapitishe maji kwanza kwenye kidimbwi kipana chenye kina kifupi kinachopigwa na jua.

Kata miti inayotia kivuli upande wa jua la asubuhi. Usipunguze kina ili maji yapate moto haraka, kwa kuwa bwawa fupi hupoa haraka vilevile usiku. Mita moja ni salama. Tia vifaranga wakubwa, wa gramu 15 au 20, mmoja tu kwa mita ya mraba. Lisha kati ya saa tano na saa tisa, maji yakiwa yameota jua. Chakula cha asubuhi kwenye maji ya digrii 18 huzama na kuoza.

Na ukubali kusubiri. Rwanda, yenye milima kama yetu, ilikuwa na mradi wa taifa wa ufugaji wa samaki miaka ya 1980, ukiungwa mkono na Marekani, na kituo chake kikuu kilikuwa Kigembe. Kazi yake ilionyesha kwamba tilapia hukua hata kwenye mabwawa ya juu sana, ila polepole. Hesabu miezi tisa hadi kumi na miwili. Baridi nayo ina zawadi yake: tilapia hazaani ovyo kwenye maji ya chini ya digrii 22, hivyo wale uliotia ndio utakaovua. Mfugaji wa Mushaki hana haja ya kuhangaika na kuzuia uzazi.

Kwa mfugaji wa Walikale: zuia uzazi

Kwenu samaki anakua vizuri kwa miezi mitatu, kisha anaanza familia. Jike hubeba mayai mdomoni siku kama kumi bila kula ipasavyo, anawalinda watoto, na kwenye maji ya moto anaweza kurudia kila baada ya majuma manne hadi sita. Ndiyo maana jike hudumaa. Watoto nao wanakula chakula kilekile. Mwezi wa sita una maelfu ya midomo na hakuna samaki wa kuuza.

Njia ya kwanza ni kutenga madume. Kuza vifaranga kwenye kibwawa kidogo hadi wafike gramu 30 hivi, kisha wachague mmoja mmoja. Mshike mkononi kwa kitambaa kibichi, tumbo juu. Nyuma ya tundu la haja kuna kinundu kidogo. Kwa dume kina tundu moja tu kwenye ncha. Kwa jike, mbali na tundu dogo la mkojo, kuna mpasuko mwembamba wa kupitishia mayai. Tone la dawa ya zambarau inayopakwa vidonda hufanya mpasuko uonekane wazi. Jike akafanywe kitoweo, dume aingie bwawani. Mikono iwe imelowa na kazi ifanyike asubuhi, vinginevyo utawapoteza wengi kwa joto na michubuko.

Hata mkono hodari hukosea, kwa hiyo ongeza njia ya pili: kambale. Tia mmoja kwa kila tilapia 10 hadi 20, naye awe mdogo kuliko tilapia siku ya kuingia. Atakula watoto wanaozaliwa na kukupa nyama ya ziada. Mwenyewe hazai kwenye bwawa bila kusaidiwa, kwa hiyo hatakujazia maji.

Njia ya tatu ni nidhamu: mwezi wa sita toa maji yote, vua wote, anza upya. Anayechota wakubwa kwa ndoana na kuwaacha wadogo waendelee huwa anachagua mbegu ya samaki wadogo.

Vifaranga na safari yao

Usichukue vifaranga kutoka bwawa lililodumaa, maana samaki wa gramu 20 anaweza kuwa na umri wa mwaka. Mwulize muuzaji uone wazazi. Wanaovua kwenye maziwa ya Mokoto au mitoni wajue kwamba wanachanganya aina zisizojulikana, na huenda wanaleta magonjwa.

Siku moja kabla ya safari wasilishwe, ili wasichafue maji njiani. Ondoka alfajiri. Bidoni ijazwe nusu tu, nusu nyingine ni hewa. Kwenye pikipiki mtikisiko huchanganya hewa na maji, kwa hiyo kusimama sana ndiko kunakoua: ukikwama kwenye tope, tikisa bidoni au badilisha sehemu ya maji kwa ya kijito safi. Ukifika usimwage. Weka bidoni ndani ya bwawa robo saa, ongeza maji ya bwawa humo kidogo kidogo, kisha iinamishe wajitokee wenyewe. Safari ya kutoka Goma au Bukavu kwenda Walikale ni ndefu na ya kushuka kwenye joto. Ni afadhali wafugaji watano wachange, walete mara moja, mmoja wao azalishe kwa ajili ya wengine.

Chakula cha mkono

Mfano wa ari mbili zenye samaki 400, kwenye maji ya moto. Wakiwa na gramu 10 kila mmoja, una kilo 4 za samaki. Chakula cha asilimia 5 ya uzito huo ni gramu 200 kwa siku. Wakifika gramu 100 una kilo 40; asilimia 3 ni kilo 1 na gramu 200. Pumba za mahindi au za mpunga, machicha ya kasiksi (pombe ya ndizi), mashudu ya mawese, mchwa, majani ya majimbi, matembele na mihogo yaliyokatwakatwa, vyote vinafaa. Lisha mahali pamoja, saa ileile, kidogo kidogo. Kikibaki baada ya robo saa, kesho punguza. Kwenye maji ya Masisi anza na nusu ya kiasi hicho.

Yanayotoka nje ya tuta

Fisi maji, mdiria na nyoka watakuja. Fyeka kingo, nazo nyasi fupi zitapunguza pia mbu na konokono wa kichocho. Jenga uzio upande wa njia ya watoto. Simika mianzi iliyochongoka chini ya bwawa, huku na huku, ili wavu wa mwizi ukwame.

Nyamulagira ikimwaga majivu juu ya Masisi, funga mfereji mpaka mvua ioshe majani, maana majivu hayo hubeba asidi na floridi. Walikale usikinge maji chini ya machimbo ya kasiterite au dhahabu. Matope huziba mashavu ya samaki na kukata mwanga, na zebaki ya kuoshea dhahabu hubaki ndani ya nyama utakayowalisha watoto.

Kuna pia vita. Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-centre, na Machi yakafika Walikale-centre. Ufugaji wa huku lazima ubebe hesabu hiyo. Usikope kwa ajili ya chakula cha dukani. Weka mbegu kwenye mabwawa mawili ya watu wawili, si ndani ya tuta moja. Ukilazimika kuondoka, funga mfereji wa kuingizia, safisha njia ya maji ya ziada, tia mbolea ya mwisho ya wastani, nenda. Tilapia ataishi majuma mengi kwa ukijani peke yake. Kambale wengi hawatavumiliana kwa njaa, watakulana.

Siku ya kuvua

Mmarekani Mike Tidwell alifundisha ufugaji wa tilapia Kalambayi, huko Kasai, katikati ya miaka ya 1980, akaandika kitabu juu yake. Jambo lililomtatiza lilikuwa kumwona mfugaji aliyetoka jasho miezi mingi akigawa sehemu kubwa ya mavuno kwa ndugu na jirani waliosimama ukingoni. Anayeishi huku haoni ajabu. Hao ndugu ndio waliochimba naye, na ndio atakaowakimbilia akiugua. Lakini bwawa lisiloacha kitu kwa mwenyewe halina mwaka wa pili.

Kwa hiyo panga mafungu kabla ya kufungua maji, na utangaze mbele ya wazee. La kwanza ni mbegu: wazazi wazuri, waliokua haraka, wahamishiwe kibwawa kidogo alfajiri, kabla ya watu kufika. La pili ni mauzo, na mnunuzi awe ameshasimama pale na mzani. Samaki mbichi hawezi kushindana na makayabu au sambaza mkavu akilala usiku mmoja. La tatu ni kikapu cha ndugu, kiwe kikubwa vya kutosha ili usiitwe mchoyo, na kiwe kimoja. La nne ni chungu cha nyumbani; akina mama wakisahauliwa wataacha kubeba samadi.

Kisha acha bwawa likauke mpaka udongo upasuke, tawanya chokaa au majivu, na andika kwenye daftari mambo manne: ulitia wangapi, ulivua kilo ngapi, chakula kilikugharimu nini, maji yalisoma digrii ngapi asubuhi. Ikiwa chakula kimekula faida, punguza chakula na uongeze ukijani. Ikiwa samaki ni wadogo na wachache kama uliowatia, ongeza miezi. Ikiwa ni wadogo na wengi, ongeza kambale.